Baba kaniuliza afanyie nini mafao yake, nami nasomea fedha nikanyamaza

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 22, niko mwaka wa pili wa shahada ya fedha katika chuo kimoja hapa Dodoma. Nimepanga Ng'ong'ona na wenzangu wawili. Nakuandikia kwa sababu mambo mawili yamenijia kwa mpigo, na kila ninayemuuliza ananijibu harakaharaka kisha anageukia simu yake.

La kwanza ni kozi yenyewe. Semista hii tumeanza somo la upangaji wa fedha binafsi. Tangu nianze chuo sijapata somo lililonishika hivi. Masomo mengine yanahusu kampuni: mtaji wa kampuni, mizania ya kampuni, hisa za kampuni. Hili linamhusu mtu. Anaingiza kiasi gani, anadaiwa na nani, akiugua itakuwaje, akistaafu atakula nini, akifa watoto wataachiwa nini na kwa utaratibu gani. Nikaanza kulifanyia mazoezi chumbani kwetu. Bumu la siku 60, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo, likiingia, shilingi 600,000 kwa mwenye kiwango kamili cha chakula na malazi, tunakaa kitandani kwangu na daftari. Kwanza tunatoa kodi ya chumba, kisha chakula kwa wiki, kisha karatasi za kuchapisha, halafu kinachobaki tunakigawa. Zamani siku ya 40 tulikuwa tumeshaanza kukopa unga kwa mama wa genge. Safari hii tumefika siku ya 60 na kila mtu ana nauli ya kwenda kwao. Wenzangu wananiita Hazina.

Nikasema moyoni, hii ndiyo kazi nitakayoifanya maishani. Lakini nikifungua tovuti ya Sekretarieti ya Ajira naona mhasibu, mkaguzi wa ndani, afisa ugavi, afisa mikopo. Mpangaji wa fedha sijamwona hata siku moja. Baba anasema nihamie uhasibu kabla sijachelewa, maana mhasibu hata kijijini anajulikana kazi yake. Mwenzangu mmoja wa chumbani naye ameingia kwenye kampuni ya kwenye simu: unaweka 100,000, kila siku unaingiziwa kitu, ukileta watu unaongezewa. Anasema huko ndiko kupanga fedha kwa kisasa, na anataka mimi niwe nawaeleza watu kwa sababu "nasomea".

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi wilaya ya Kongwa, tunaishi nyumba ya shule. Mwezi wa kumi na mbili anatimiza miaka 60. Nilipokwenda Pasaka, jioni moja tumemaliza kula ugali wa uwele na mlenda, baba akanyoosha mkono akazima redio, na ilikuwa saa mbili usiku, taarifa ya habari imeanza. Baba hazimi redio saa mbili usiku. Akasema, "Mwanangu, humu ndani wewe ndiye unayesoma mambo ya fedha. Wakinipa mafao yangu, nifanye nini?"

Mama akaacha kukusanya vyombo. Kaka alikuwepo, na yeye anataka bajaji mbili aziendeshe Kibaigwa. Baba mdogo alikuwepo, yeye anataka wanunue mahindi wakati wa mavuno wayaweke, wayauze Januari. Mama anataka nyumba yetu iliyokwama kwenye lenta iezekwe. Wote wananitazama. Shangazi, kichwani nilikuwa na fomula ya thamani ya fedha kulingana na muda, nilikuwa na ukurasa mzima wa aina za hatari za uwekezaji. Nikasema, "Nitawauliza walimu wangu." Baba akasema haya, akawasha redio.

Nimeona aibu mpaka leo. Kama nasomea fedha na siwezi kumjibu baba yangu, nitamjibu nani? Niendelee na kozi hii au nihame? Na baba nimwambie nini?

Mwanafunzi, Ng'ong'ona

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale baba alipozima redio. Mzee wa kijijini, mwalimu, mbele ya mkewe na mdogo wake na mwanawe wa kiume, anamuuliza binti yake wa miaka 22 swali la hela. Heshima hiyo wengi hatukuipata. Usiione aibu.

Na kule kunyamaza kwako mimi nakuita kujua. Mtu akiulizwa habari za mafao ya miaka zaidi ya thelathini akajibu papo hapo, basi ana kitu anachouza, au hajui uzito wa alichoulizwa. Nasema hivi kwa sababu mimi niliwahi kujibu haraka.

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo cha watumishi, huku huku kanda ya kati. Asubuhi moja akaja mwalimu, amebakiza miaka miwili kustaafu, kabeba nyaraka zake kwenye mfuko wa plastiki aliouviringisha na mpira wa baiskeli. Alitaka shilingi milioni 8 anunue Noah ya abiria. Nikazitoa zile hati za mshahara moja moja, nikazinyoosha kwa kiganja juu ya meza maana zilikuwa zimejikunja. Fomu ilitaka nijaze mshahara, makato, nihakikishe inabaki theluthi moja ya mshahara baada ya makato yote, wadhamini wawili, sahihi ya mwajiri. Kila kitu kilikaa sawa. Nikagonga muhuri. Haikuchukua hata nusu saa.

Sikumuuliza gari ataendesha nani. Sikumuuliza likilala gereji wiki mbili marejesho yatatoka wapi. Sikumuuliza kama ana deni lingine lisiloonekana kwenye hati ya mshahara, na alikuwa nalo: mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba ya kunyonya, kadi yake ya benki inashikiliwa na mkopeshaji. Gari lilitembea miezi minne, giaboksi ikafa. Mafao yalipotoka yalipita mkononi mwake kama maji. Alikuja kuniaga, akakaa kwenye kiti kile kile, akaniambia kwa upole, "Mama, wewe ulikuwa unajua hesabu. Mbona hukuniuliza?"

Fomu haikuwa na mstari wa maswali hayo, mwanangu. Maswali yale ambayo fomu haikuwa nayo ndiyo taaluma unayoisomea. Kwa hiyo ukiniuliza kama fani hii ina kazi Tanzania, nakujibu kwamba kazi ipo tele, isipokuwa bado haina kibao mlangoni. Hata jina la Kiswahili halijatulia. Wengine wanasema mshauri wa fedha, wengine mpangaji, na mpangaji kwetu ni mtu wa chumba.

Huko ilikoanzia nako ilianza bila kibao. Desemba 1969 watu 13 walikutana Chicago, Marekani, wengi wao wakiwa watu wa kuuza bima na vipande vya mifuko ya uwekezaji, wakakubaliana kwamba mteja anastahili mtu wa kumtazama mzima mzima, badala ya kila muuzaji kumvuta upande wake. Wahitimu wa kwanza wa cheti cha upangaji wa fedha kinachoitwa CFP walipatikana 1973, na hawakuzidi 42. Leo kuna vyuo vikuu, kama Texas Tech kule Marekani, vinavyotoa shahada nzima ya upangaji wa fedha, na cheti kile kinatolewa mpaka Afrika Kusini. Anayekitaka lazima asome, afaulu mtihani, afanye kazi kwa muda maalumu, na aahidi kufuata maadili. Anayosoma ni yale yale uliyoyataja wewe: kodi, bima, uwekezaji, kustaafu, mirathi.

Hapa kwetu kazi hiyo imegawanyika kwenye meza nyingi, kila meza na kipande chake. Wewe itakubidi uingie kwa mlango wenye kibao, kisha ukiwa ndani uifanye kazi yako. Ndiyo maana baba yako hajakosea sana anapotaja uhasibu. Kuhama kozi sikushauri, utapoteza muda na fedha za mkopo bure. Lakini kuanza mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ukiwa na shahada yako ya fedha, hilo nakushauri kwa nguvu zote. Mitihani ni Mei na Novemba. Kaulize kwa shahada yako unaanzia ngazi gani, maana makao makuu ya bodi hiyo, NBAA, yapo hapa hapa Dodoma, ni nauli ya daladala tu. CPA, cheti cha uhasibu cha bodi hiyo, itakupa mkate wakati jina la kazi unayoipenda linaendelea kuzoeleka masikioni mwa watu. Na mhasibu anayejua kumuuliza mtu maswali ya maisha yake ni mtu adimu.

Mlango ninaoupenda zaidi kwa ajili yako ni ushirika wa akiba na mikopo, na sisemi hivyo kwa sababu nimetoka huko. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, SACCOS, yaani vyama hivyo vya akiba na mikopo, haziwezi kufanya kazi bila leseni, na zinahitaji watu wanaojua hesabu kweli kweli. Vikundi vya kijamii, vile tunavyoviita vikoba, navyo vimeingizwa kwenye sheria hiyo. Tume ya Maendeleo ya Ushirika iko Dodoma. COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, liko Dodoma. Toka kidogo nje ya mji una wakulima wa zabibu Makutupora na Hombolo, ukielekea Singida una watu wa alizeti, ukienda Bahi una mpunga. Hawa wanapata hela mara moja au mbili kwa mwaka, na miezi mingine yote wanaishi kwa kukisia. Wewe uliyewafikisha wenzako siku ya 60 ukiwa na daftari, fikiria ukimkalia mkulima wa zabibu hivyo hivyo, siku aliyolipwa, kabla hajafika dukani.

Afisa mikopo ni kazi inayotangazwa kila mara, na wengi wenu mnaidharau. Ingia. Pale mezani ndipo mtu anapofungua mfuko wake wa plastiki. Ukiwa na maswali yako kichwani hata kama hayamo kwenye fomu, utamwokoa mtu mmoja kwa wiki, na hao ni hamsini kwa mwaka.

Mifuko ya hifadhi ya jamii nayo ni mlango. PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma uliozaliwa 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF, una makao makuu yake hapa. Wanaokaribia kustaafu wanahitaji mtu wa kuwaeleza kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kwa lugha ya nyumbani. Omba fildi huko, omba Wizara ya Fedha, omba ofisi yoyote inayoshughulika na mafao au mikopo. Tangu serikali ihamie huku, wanafunzi wa mikoa mingine wanapanda basi kuzifuata ofisi mnazopita nje yake mkienda sokoni.

Bima na soko la mitaji nitazitaja kwa kifupi. Bima siku hizi inauzwa mpaka kwenye kaunta za benki, na wakala anahitaji leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Kwenye soko la mitaji, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, yaani CMSA, ina kozi yake ya cheti kwa wanaotaka kufanya kazi na madalali wa hisa, mameneja wa mifuko na washauri wa uwekezaji. Ukimaliza chuo ukaipata hiyo pamoja na CPA, utakuwa umejijengea mwenyewe kile ambacho wenzako wa Texas wanapewa kikiwa kimeshafungwa.

Jambo moja tu ulishike kabla hujachagua mlango: nani anakulipa? Anayelipwa kamisheni kwa kila bima aliyouza atajikuta anaona kila mtu anahitaji bima. Anayelipwa kwa idadi ya mikopo ataona kila mtu anafaa kukopa. Hawana roho mbaya. Ni malipo yanayowavuta, na nilivutwa nayo hata mimi, maana ofisi yetu ilihesabu mikopo tuliyotoa kwa mwezi na haikuhesabu tuliyoikataa kwa faida ya mwanachama. Popote utakapokaa, mwambie mteja wazi jinsi unavyolipwa.

Sasa huyu mwenzako wa chumbani. Hapa nitakuwa mkali. Anayekusanya fedha za watu kwa ahadi ya kuziwekeza lazima awe na leseni, na anayelipwa kwa kushauri watu kuhusu uwekezaji wa hisa na hatifungani naye lazima awe na leseni ya CMSA. Faida inayoingia kila siku bila biashara inayoonekana, na nyongeza kwa kuleta watu, maana yake ni kwamba hela ya anayeingia leo ndiyo inayomlipa aliyeingia jana. Wa rika langu tunaikumbuka DECI ya 2009. Watu waliambiwa wanapanda mbegu, wakauza mpaka ng'ombe wapande mbegu, na ilipozimwa mavuno yaliyobaki yalikuwa kilio na kesi mahakamani. Anachokitaka kwako huyo rafiki ni jina la masomo yako. Ukisimama mbele ya watu ukasema "mimi nasomea fedha, ingieni," watakuamini, na siku programu ile isipofunguka watakuja Ng'ong'ona kukutafuta wewe. Mkatalie, tena mkatalie kwa upendo, umsaidie atoe chake mapema kama bado kinatoka.

Tuje kwa baba.

Nenda nyumbani na daftari jipya la mistari, kalamu mbili na kikokotoo cha kawaida cha mkononi. Usiende na jibu. Kaa na baba na mama wawili tu kwanza, kaka na baba mdogo waje siku ya pili. Ukurasa wa kwanza usiandike mafao. Andika matumizi ya mwezi, na umwachie mama aongee: unga, mafuta, sabuni, dawa ya presha kama ipo, ada ya mdogo wako kama yupo, michango ya misiba na kanisa au msikiti. Michango usiisahau, kwa mwalimu mstaafu kijijini michango haistaafu. Jumlisha.

Ukurasa wa pili, madeni. Yote. Mwambie baba kwa adabu kwamba unahitaji hata lile ambalo mama halijui, na kama ataona ugumu, mwachie kalamu aandike mwenyewe. Angalia kama kuna mkopo ambao marejesho yake yanavuka siku ya kustaafu.

Ukurasa wa tatu ndipo mafao, na hapo uanze na pensheni ya kila mwezi. Watu wote nyumbani kwenu wanautazama mkupuo, ile sehemu ya mafao inayolipwa mara moja. Ni kweli mkupuo uliongezwa katika mwaka wa fedha 2024/25, kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakipata asilimia 50. Lakini ina maana sehemu kubwa ya mafao itakuja kidogo kidogo kila mwezi. Mwende wote wawili PSSSF mkaulize makadirio yake kwa maandishi. Chukua tarakimu ya pensheni, iweke chini ya tarakimu ya ukurasa wa kwanza. Kama pensheni inatosha chakula na dawa, mkupuo uko huru kufanya jambo. Kama haitoshi, sehemu ya mkupuo ina kazi tayari, ya kuziba pengo hilo mwezi baada ya mwezi, na hiyo si ya bajaji wala ya mahindi.

Mkiwa huko huko, kagueni barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, ya cheo cha mwisho, na kwamba jina lake limeandikwa sawasawa kwenye zote na kwenye kitambulisho cha NIDA. Herufi moja iliyokosewa mwaka alioajiriwa inaweza kumsumbua mtu miezi mingi. Hili lianze sasa, lisingoje Desemba. Kadi ya bima ya afya yake na ya mama itaendeleaje, nalo ulizeni mapema.

Umeniandikia kwamba mnaishi nyumba ya shule. Umeiandika kama sentensi ya kupita, lakini mimi ndiyo niliyoipigia mstari. Baba akistaafu, nyumba ile ni ya mwalimu mwingine. Kwa hiyo mama yako anaposema lenta iezekwe, ni yeye peke yake aliyeona kinachokuja. Msikilizeni kwanza. Paa lina hesabu inayofungika: mbao kadhaa, bati kadhaa, misumari, fundi, mlango, madirisha. Mkalieni fundi, apime, aandike. Mjenge vyumba vya kukaa watu wawili na wageni, wala msiongeze chumba hata kimoja kwa sababu fedha zimeonekana.

Kaka akija siku ya pili, muulize bajaji itaandikwa jina la nani, hesabu ya siku ni kiasi gani, siku ya matengenezo ataleta nini, bima italipwa na nani. Na muulize kama anaweza kuanza na moja. Akijibu vizuri, mheshimu. Baba mdogo naye muulize atayahifadhi mahindi kwenye nini, maana dumuzi hawasubiri Januari. Kuna mifuko isiyopitisha hewa inayosaidia, ajue bei yake. Muulize mwaka ambao bei ya Kibaigwa Januari haikupanda alifanya nini. Biashara ya mahindi si mbaya, wengi wamejenga kwayo. Ila fedha ya mzee wa miaka 60 ikipotea hana mshahara wa kuirudisha, na hilo tu ndilo linaloitofautisha na ya kijana.

Kitakachobaki, mweleze baba bila kumsukuma kwamba zipo hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa muda maalumu, unaweza kuanza na shilingi milioni 1, zinalipa riba kila miezi sita. Mchoree: tuseme milioni 10 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, ni shilingi 600,000 kila nusu mwaka, na milioni 10 yake inamrudia muda ukiisha. Zipo za miaka 2 na zipo za miaka 25, na mtu wa umri wake asifunge yote kwenye ile ndefu. Upo pia Mfuko wa Hati Fungani wa UTT AMIS, wenye mpango wa kumlipa mtu kila mwezi au kila nusu mwaka, na kwa asiyetaka usumbufu wa minada ya kununulia hatifungani huo ni mwepesi. Fedha ya dharura ikae benki. Bodi ya Bima ya Amana inamlinda mwenye akaunti mpaka shilingi 7,500,000 benki ikianguka. Wala isikae kwenye simu, ambako kila anayepiga kuomba anajua ipo.

Jambo la wosia usilikimbie. Usilianzishe wewe, mtoto wa kike ukianza utaeleweka vibaya na baba mdogo. Mwambie mama aseme kwamba amesikia RITA, wakala wa serikali wa vizazi, vifo na mirathi, wanaandika na kutunza wosia. Baba ni mwalimu, ataelewa mwenyewe.

Mwombeni baba akubali pia kwamba miezi mitatu ya kwanza baada ya mafao kuingia hakuna kitakachonunuliwa zaidi ya paa. Na wewe usishike namba yake ya siri, usishike kadi yake, hata akikupa. Uwe mwenye daftari.

Utaona kwamba kwa siku hizo mbili utakuwa umefanya kazi unayoitafuta kwenye tovuti ya ajira. Andika tarehe juu ya ukurasa wa kwanza, huyo ndiye mteja wako wa kwanza. Ukirudi chuoni mpelekee mwalimu wa somo lile, bila jina la baba, umwulize wapi ungeuliza vizuri zaidi.

Wikendi hii nenda. Kongwa si mbali, ukitoka na basi la mchana Ijumaa utafika kabla mama hajasonga ugali. Msiongee njaani. Mkimaliza kula, mwache baba asikilize taarifa ya habari mpaka mwisho, na akishazima redio mwenyewe, fungua daftari.

Wako,
Shangazi